Eda ndani ya mabati: joto la Garsen lilivyomfanya mama

Wakuu, salaam kwa wakubwa na wadogo. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi. Bado nina hasira, mnivumilie.

Sisi ni Waorma, wafugaji wa upande wa Minjila, karibu na Garsen. Baba alifariki kiangazi kilipoanza kukaza, mama akaingia eda.

Kwa wasiojua: mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura.

Zamani angekaa eda kwenye nyumba yetu ya nyasi, upepo unapenya. Lakini kaka yangu alikuwa amemjengea nyumba ya mabati. Shangazi, dada yake baba, akaamua mama akae humo, wageni waone heshima. Kisha akafunga madirisha yote, eti wanaume wanaopita wasimwone.

Mnaoijua Garsen mnajua mabati yanavyokuwa saa nane mchana. Hata kuku waliukimbia ule ukuta.

Nilipofika kutoka Malindi nilimkuta mama amelowa jasho, kajifunika shuka nzito. Nikaomba tumtoe uani, chini ya mkwaju, pana ua na hakuna anayechungulia.

Shangazi akasema kaka yake hata kaburi halijakauka na mjane ameshaanza kutafuta upepo. Kaka yangu, aliyeijenga nyumba, akainama akachezea simu.

Mama mwenyewe akanishika mkono. "Niache nimalize, mwanangu. Watasema sikumheshimu baba yako."

Siku iliyofuata jasho likakata. Ngozi ikawa kavu, ya moto, na maneno yake hayaeleweki. Shangazi akasema ni majonzi hayo, akafukiza ubani. Ndani ya chumba kilichofungwa, wakuu.

Mimi mwenyewe nilimburuta mama hadi kivulini, nikamlowesha maji mwili mzima na kumpepea mpaka jirani alipoleta gari la kumpeleka hospitali.

Baadaye nilimuuliza sheikh wetu. Alishangaa. Uani kwa mjane ni nyumbani kwake, akasema, na dirisha halivunji eda. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kila mtu alijifanya anajua.

Kwa hivyo fungueni madirisha. Mzee akae kivulini, nguo nyepesi, anywe maji kabla hajaona kiu. Ukiona anaweweseka na mwili unawaka, mpooze hapo hapo huku unatafuta gari. Usingoje ruhusa ya mtu.

Mama yuko hai. Daktari anasema joto limegusa ubongo. Eda imekwisha, na shangazi anajisifu kwa majirani kwamba mjane wa kaka yake aliimaliza vizuri.

Kila jioni mama ananiuliza kama baba amerudi na ng'ombe. Nikimwambia amefariki, analia upya kabisa, halafu anaanza kutafuta shuka aingie eda.

Mliowahi kuuguza mzazi wa namna hii, nijibuni hapa chini. Jioni inakaribia na ataniuliza tena. Nimwambie nini?