Shabiki Aliyeombwa Asitazame

Tawi la mashabiki halitambui, halijawahi kutambua na wala halitarajii kutambua kuwepo kwa nuksi, mkosi, kisirani au kitu kingine chochote cha jamii hiyo katika mchezo wa mpira wa miguu. Matokeo ya uwanjani hutokana na mazoezi, nidhamu, mbinu za kocha na afya ya wachezaji. Ndivyo lilivyosema tangazo la kamati, lililobandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa tawi chini ya nembo ya klabu, baada ya shirikisho kuchoshwa na timu zinazoingia uwanjani kwa kuruka ukuta ilhali geti liko wazi.

Jioni hiyohiyo kamati ilikutana nyuma ya mlango huohuo kumjadili Fundi Sponji.

Fundi Sponji alikuwa fundi wa sofa. Karakana yake ilitazamana na ukumbi wa tawi, barabara ikipita katikati, na ndani yake masofa ya watu yalikaa yamevuliwa nguo, springi nje, yakingoja kuvishwa upya. Wapenzi wa klabu walipenda kuyakalia na kubishana humo mchana kutwa, ndiyo maana wateja wengine walishangaa kupelekewa sofa jipya lenye shimo katikati. Fundi mwenyewe alibishana akiwa kazini. Misumari midogo aliibana upande mmoja wa mdomo, maoni yakapitia upande wa pili.

Na maoni alikuwa nayo. Golikipa wa kisasa anayecheza kwa miguu alimfananisha na mpishi anayekoroga kwa kiwiko. Refa anayekwenda kuangalia marudio kwenye televisheni, alisema, ana macho yake mawili mazima ila anaona tabu kuyachosha. Mashabiki wa klabu za ng'ambo aliwahurumia: mtu anapandwa na presha kwa ajili ya timu ambayo hajawahi kuloweshwa na mvua kwa sababu yake! Kuhusu kocha wa klabu yake, aliyekuwa akisema kila msimu kwamba bado anajenga timu, Fundi alikuwa na neno moja tu: hata ghorofa lingekuwa limeshapata wapangaji.

Lakini dhambi kubwa kuliko zote ilikuwa pasi ya nyuma. Beki wa kushoto wa klabu akipata mpira alimrudishia golikipa kama mtu aliyeokota mkoba wa mwenzake, na kila alipofanya hivyo Fundi aliinamisha kichwa kama amepewa taarifa ya msiba.

Klabu aliirithi kwa marehemu baba yake, pamoja na nyundo. Nyundo haikuwahi kumsumbua.

Kosa lake, kwa mtazamo wa kamati, lilikuwa kuchelewa. Siku za mechi alifunga karakana baada ya kumaliza kazi iliyokuwa mkononi, akavuka barabara na kuingia ukumbini mpira ukiwa umeshaanza. Ikatokea kwamba akisukuma mlango tu, nyavu zinatikisika, na si za wapinzani. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili walinyamaza. Baadaye ikawa wapinzani wakikaribia goli, nusu ya ukumbi inatazama runinga na nusu inatazama mlango.

Sasa zilibaki mechi mbili, na klabu ilikuwa inaning'inia kwenye ukingo wa kushuka daraja. Kamati ikaona atumwe mtu. Akatumwa katibu wa tawi, ambaye kwa bahati yake mbaya alikuwa kaka wa mke wa Fundi.

"Shemeji, za kazi?"

"Kazi zipo. Kaa."

Katibu alikaa kwenye sofa ambalo lilikuwa bado halijawekwa sponji. Springi zikalia. Akainuka kidogo, akakaa tena kwa adabu zaidi.

"Nimetumwa na kamati."

"Kamati imenunua sofa?"

"Hapana. Ni suala la... hewa. Ukumbi umekuwa na joto, shemeji. Watu wamekuwa wengi. Kamati imeona mechi hizi mbili za mwisho, kwa ajili ya hewa tu, mwanachama mmoja apumzike nyumbani."

"Mmoja."

"Mmoja tu."

"Na hewa yote ya ukumbi naivuta mimi?"

Katibu akawa anachunguza kucha zake. Fundi akatema misumari kwenye kiganja. Hilo alilifanya kwa ajili ya kula na kwa ajili ya kugombana, na chakula hakikuwepo.

"Sikiliza, shemeji. Beki ya kushoto nacheza mimi? Penalti niliikosa mimi? Si mmebandika wenyewe pale mlangoni kwamba hakuna nuksi?"

"Hakuna kabisa! Niliandika mwenyewe."

"Basi nakuja."

"Shemeji, tafadhali. Hakuna nuksi, lakini usije."

Fundi alikuwa mtu wa hoja, na hoja ndiyo iliyomponza. Akasema watu wazima hawabishani, wanajaribu. Mechi ya kwanza hatakanyaga ukumbini. Wakifungwa, ya mwisho atakaa kiti cha mbele na kamati nzima itamwomba radhi. Wakishinda, basi ya mwisho ataisikia kesho yake kama watu wengine wasio na timu. Wakapeana mikono. Katibu alitoka akikimbia kidogo.

Mkewe aliposikia habari hiyo hakumpa pole.

"Kaka yangu hajakosea, baba watoto. Hata maziwa nikikuachia uyaangalie yanafurika."

Basi siku ya mechi Fundi alibaki karakanani akishona mito, na kwa mara ya kwanza maishani akaiombea klabu yake ifungwe; bao moja tu, la heshima. Klabu ikashinda matatu bila. Kelele zilipofika ng'ambo ya barabara alizihesabu zote tatu, na kila moja ilimfurahisha na kumchoma kwa wakati mmoja, hata akajidunga sindano. Timu ambayo msimu mzima ilikataa kumfurahisha ilikuwa imekataa pia kumpa haki yake.

Ikafika mechi ya mwisho. Sare ingeibakiza klabu ligi kuu, kufungwa kungeishusha. Fundi aliwaona wanachama wakiingia ukumbini na jezi zao zilizopauka, wengine wakimpungia mkono kwa upole kama anayesafirishwa. Watu aliokula nao jua na matusi miaka yote walikuwa wanakwenda kufa au kupona bila yeye. Alikuwa ametoa neno lake. Akafunga mlango wa karakana. Na kwa kuwa kusikia kelele bila kujua ni za furaha au za kilio kungemuua mapema, alikata vipande viwili vya sponji, akaviviringa, akazibia masikio. Kisha akaanza kuvisha sofa la watu kitambaa, na alikuwa amefika mbali sana kabla ya kugundua kwamba amekivisha ndani nje.

Alikuwa anang'oa misumari mmoja mmoja mkono ulipomkamata begani. Akageuka. Mwenyekiti wa tawi, mtu mzito, muuza mabati ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia hata mvua ikinyesha, alikuwa amesimama mbele yake jasho likimtiririka, mdomo ukienda bila sauti.

"Sijaangalia!" Fundi akapiga kelele, mikono juu. "Redio yenyewe sina! Sijaangalia!"

Mwenyekiti akanyoosha mkono, akachomoa sponji moja.

"...nakwambia tumefungwa! Moja bila, kipindi cha pili hiki! Twende!"

"Twende wapi?"

"Ukumbini, mzee wangu!"

"Na hewa?"

"Hewa ipo! Imejaa tele, mpaka inabaki!"

Fundi akaweka nyundo chini taratibu. "Mwenyekiti, nyinyi ndio mlionifukuza."

"Tulikosea. Shida si kuwepo kwako, shida ni kutokuwepo kwako. Kamati imekaa hapohapo kwenye viti, imepiga kura."

"Si mlisema hakuna nuksi?"

"Ndiyo hakuna! Sasa kama hakuna, wewe utakuwaje nuksi? Twende, muda unakwisha!"

Hoja ilikuwa imenyooka. Hata hivyo Fundi hakusogea. Alikuwa mtu wa kucheka mambo hayo, lakini miguu yake haikuwa inacheka. Aliwaza mlango ule, sauti yake inavyokwaruza, na nyavu.

"Na nikiingia wakapigwa la pili?"

Mwenyekiti alifuta jasho kwa kola ya jezi. Alionekana hakuwa amelifikiria.

"Basi tutashuka," akasema, "ila angalau tutakuwa tumeshuka wote."

Wakavuka barabara, Fundi uzi ukimning'inia shingoni, kastabini kidoleni, sponji moja bado sikioni. Mlango ulikwaruza. Ukumbi mzima ukageuka. Hakuna nyavu zilizotikisika. Mtu mmoja akapumua, akashikwa mkono anyamaze. Wakampitisha hadi kiti cha mbele, na kuanzia hapo hakuna aliyetazama runinga sawasawa. Walimtazama Fundi, yeye akatazama kwa niaba yao.

Dakika zikiwa zinayoyoma, beki wa kushoto akapata mpira, mbele yake pakiwa peupe kama uwanja wa ndege. Akageuka. Akamrudishia golikipa.

"Mungu wangu," akasema Fundi.

"Nini?" ukumbi ukauliza.

Golikipa, badala ya kuutuliza, akaupiga kwa mguu mbele bila kutazama. Mpira ukapaa, ukadunda, ukampata mshambuliaji mgongoni wakati akimlalamikia refa jambo lingine kabisa, ukabadilisha njia na kuingia wavuni polepole. Refa akaenda kuutazama kwenye televisheni. Akakaa huko muda ambao watu wawili ukumbini waliutumia kuweka nadhiri. Akarudi, akaonyesha katikati ya uwanja.

Bao moja kwa moja. Mpira ukaisha hivyo. Fundi alibebwa juu juu na watu waliomfukuza, huku akimweleza yeyote aliyeweza kusikia kwamba bao lile halibadilishi hata kidogo msimamo wake kuhusu pasi za nyuma.

Kesho yake kamati ilitoa tangazo la pili. Lilimpongeza kocha kwa mbinu, wachezaji kwa nidhamu, likasisitiza yote yaliyosemwa katika lile la kwanza.

Msimu mpya ulifunguliwa kwa mechi ya kirafiki. Fundi alifunga karakana mapema, akavaa jezi aliyopigiwa pasi na mkewe, akafika ukumbini kabla hata filimbi haijapulizwa. Mlangoni alimkuta shemeji yake ameshika kiti cha plastiki. Akamkaribisha kwa heshima zote, akamwomba akae hapo nje kidogo, mpaka timu ifungwe bao la kwanza.