Mawe ya Tochi ya Mama Mdogo

Harufu ya betri iliyovuja siipendi. Ina ukali wa siki na kutu pamoja, na ukiishika inabaki vidoleni mpaka unakula nayo. Juzi imenijia hapa barazani kwangu Kibiti. Mjukuu wangu Hadija alikuwa amefungua kidude chake cha kukuza nguvu ya betri. Anasema betri moja, tena iliyochoka, ikipita humo inawasha taa inayotaka betri tatu. Siku hiyo haikuwasha kitu. Akakigeuza, akakipuliza, akakigonga, akanipa betri niipanguse, akairudisha ndani.

"Umetazama vichwa?" nikamuuliza.

"Vichwa vya nani, Bibi?"

Nikacheka, na mimi si mtu wa kucheka ovyo. Moyoni nilikuwa nimeshafika Maparoni, kwetu kisiwani, mtoto mdogo, nimelala kifudifudi mkekani, sikio kwenye redio ya baba.

Baba alikuwa amepelekwa hospitali Dar es Salaam, mguu umevimba hata suruali ikabidi ipasuliwe. Redio ilikuwa na kipindi cha wagonjwa, Jumapili mchana, wanatuma salamu nyumbani kwa sauti zao wenyewe. Ukimsikia mtu wako, yu hai. Usipomsikia, unakaa na lako moyoni. Mtu wa mwisho kushuka na mashua alituambia watu wa redio wamepita wodini, na baba kasema, atasikika Jumapili hii. Baada yake mashua haikuja tena, na dukani mawe yakaisha.

Mawe ndiyo betri, ndivyo tulivyoziita, nami niliamini kabisa kuna moto umefungiwa ndani ya jiwe. Ya redio yetu yalikuwa yanakufa. Mama aliyaanika juani kama dagaa, akawa anayageuza. Redio ikakwaruza kidogo, ikachoka.

Mawe mazima tuliyoyajua yalikuwa ya tochi ya mama mdogo, Bi Somoe, mke wa pili wa baba. Yeye na mama hawakusemezana tangu mavuno yaliyopita. Wakiwa na la kuambiana nalibeba mimi, kama kikapu. Na ile tochi ndiyo aliyolala nayo dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Nguruwe wakija, anawamulika.

Bi Somoe alikuja mwenyewe, hakuitwa. Akafungua tochi pale mlangoni, akanimiminia mawe mkononi. "Mwambie mamako ayaunge na yale."

Mama alikuwa hapo hapo, angenyoosha mkono angemgusa. "Mwulize, nguruwe atawapiga kwa kanga?"

"Mwambie kanga ninazo."

Wakapasua mwanzi, mawe ya tochi yalale ndani, waya utoke huku na huku mpaka kwenye redio. Bi Somoe akaniambia, "Yalaze kama mnavyolala." Basi nikayalaza kama tulivyolala sisi watoto, mzungu wa nne: mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Redio ikanyamaza kabisa, hata ule mkwaruzo ukaondoka.

Mama akakaza waya. Bi Somoe akakwangua kutu kwa kisu. Wakawa wanapokezana kile kisu bila kunipitishia mimi. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa, kipindi kimeshaanza, na jasho linamtoka mama mpaka kidevuni. Mwisho akainama, akachungulia mwanzi.

"Somoe! Tazama mtoto huyu alivyoyalaza. Vichwa vimegongana!"

"Si nimemwambia kama wanavyolala?"

"Hawa wanalala mzungu wa nne, kitanda kimoja wote!"

Wakacheka, wakanisahau. Yakapangwa upya, kichwa cha huyu mgongoni kwa huyu, kama wanawake kwenye foleni ya kisima. Sauti ikaja, nyembamba kama ya mbu. Waya ulikuwa haukai, ikabidi Bi Somoe aushikilie kwa kidole, kule mwisho wa mwanzi. Kwenye redio tukabaki mama na mimi.

Baba akajitaja. Mguu unapungua, alhamdulillahi. Akamsalimu mama, akatusalimu watoto, akamsalimu hata jirani aliyemwazima kasia. Halafu akaingia mgonjwa mwingine.

"Kasemaje?" Bi Somoe akauliza, kidole bado kimebana waya.

"Mzima," mama akasema. "Kakusalimu wewe. Kasema dunguni usilale peke yako, nikufuate."

Nikafungua mdomo. Mama akanifinya paja, nikaufunga. Jioni mawe yakarudi kwenye tochi, na mama akakunja mkeka wake, akaenda dunguni nyuma ya Bi Somoe. Akaenda na kesho yake, na mpunga ulipovunwa walivuna pamoja.

Nilimhesabu mama kuwa muongo, na nilimhurumia Bi Somoe kwa kudanganywa. Niliishi na hilo mpaka nikawa mtu mzima. Siku tuliyomzika mama, Bi Somoe ndiye aliyemwosha. Alipotoka alikaa karibu yangu, mikono bado ina unyevu, akaniambia, "Babako siku ile hakunitaja. Nilishika waya, sikuziba masikio."

Kumbe mimi mtoto peke yangu ndimi niliyedhani kuna aliyedanganywa. Mama alitafuta mlango wa kumfuata mwenzake, na mwenzake akauacha wazi.

Hadija alikuwa ameshageuza betri yake. Taa ikawaka.

"Ilikuwa kichwa chini, mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowatania wajukuu wetu. Akacheka. Mimi nikanusa vidole vyangu, kisha nikaenda kunawa.