Waya ya Kushoto

Shemeji yangu alinipaka matope kule Matulo, na mimi nikamlipa Kitale. Watu wakiniuliza mbona sisi wawili hatusalimiani hata kwenye harusi, huwa nasema ni mambo ya zamani. Uongo. Si ya zamani hata kidogo, bado yananiwasha.

Alikuwa mume wa dada yangu, mtu wa Bumula, fundi wa seng'enge. Ni yeye aliyenifundisha kuvuta waya kule Tongaren, na hilo silikatai. Sheria yake ilikuwa moja: waya iliyolegea ni aibu. Akimaliza fensi alipita akiigonga kwa kidole, nguzo hadi nguzo, na isiyolia alikurudisha uikaze watu wakikutazama. Halafu fensi moja ya Matulo ikaanguka, ng'ombe wakamaliza mahindi ya mama mjane. Nguzo ya kona iliyong'oka aliisimamisha mwenyewe, shimo fupi kama la kuzika paka, kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kunywa busaa. Lakini mbele ya yule mama alininyooshea kidole: "Ni huyu. Mimi nilimwambia, lakini hasikii." Nyumbani baba akanikataza kumjibu. Ati mtu aliyeleta ng'ombe wa mahari kwetu hashindwi mbele ya watu. Nikameza. Tangu hapo hakuna mtu Bungoma nzima aliyenipa hata banda la kuku nifunge waya.

Nikahamia Kitale, mwaka ambao kila mtu alikuwa anatafuta simu ya mkono. Nikapata kazi kwa mzee mmoja aliyefanya kazi melini ujana wake wote, kisha akarudi kwenye shamba la wazazi wake na kuanza kujenga boti ya tanga katikati ya mahindi. Walimcheka sana. Ati bahari iko wapi? Yeye alitaka kuipakia kwenye lori, aishushe Ziwa Victoria, alizunguke na mke wake kabla magoti hayajamkataa. Tanga alilishona huyo mke, kwa cherehani ya kukanyaga, miezi na miezi.

Mzee alinifundisha kazi ya waya za mlingoti. Za mbele na za kando hukaa zimekazwa siku zote. Lakini nyuma kuna mbili, moja kulia na moja kushoto, kila moja na kapi yake, kigurudumu cha kupitishia kamba ya kukazia, na hizo hazikazwi pamoja. Upepo ukitoka kulia, unakaza ya kulia ili ishike mlingoti usipinde, na ya kushoto unailegeza kabisa, kwa sababu tanga litafunguka upande huo pamoja na mti wake wa chini. Upepo ukigeuka, unalegeza hii, unakaza ile. "Ukisahau," aliniambia, "ule mti utagonga waya na kitu kitavunjika." Tulifanya hivyo kila asubuhi, boti ikiwa juu ya magogo, mpaka mikono yangu ikajua yenyewe.

Kazi ikazidi, mzee akatafuta fundi wa pili, na nani akatokea getini na begi lake? Shemeji. "Wewe shika spana tu," aliniambia siku ya kwanza, "tunajua kazi yako ya Matulo." Mzee alipoanza kumweleza zile waya mbili, alimkatiza. "Mzee, waya ni waya, bana." Nikaokota spana. Nilikuwa nimeanza kungoja.

Siku ya kuonyesha boti majirani walijaa, na watu wa kanisa wakaja kuiombea. Mzee alipandisha tanga, upepo mdogo ukitoka kulia. Waya ya kulia niliikaza mimi. Ya kushoto ilining'inia, inavyotakiwa. Shemeji akaiona, uso ukamkunjamana kama mtu aliyekuta nguo za ndani za mama mkwe kwenye kamba. Akazunguka boti polepole, akashika kamba ya kapi, akavuta, akafunga, akaigonga waya kwa kidole. Ikalia. Akanitazama, akatabasamu.

Ningesema neno moja tu, "legeza." Mzee alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nilifunga mdomo, na moyo wangu ulifurahi, nisidanganye. Leo ni leo, nilijiambia.

Upepo wa mvua ukashuka kutoka Mlima Elgon, kama unavyoshuka alasiri nyingi huko. Mzee akaachilia kamba ya tanga kupunguza nguvu, ule mti ukaruka kushoto ukaipiga waya. Mlingoti ukavunjika katikati, tanga likapasuka juu mpaka chini. Hakuna aliyeumia. Mke wa mzee aliketi kwenye nyasi akakusanya kile kitambaa mapajani.

Shemeji hakungoja. "Ni huyu," akasema, kidole kile kile.

Mzee alienda kwenye kapi ya kushoto, akainama, akashika kamba. "Hiki ni kifundo cha fensi," akamwambia. "Huyu sikumfundisha kufunga hivi. Ni wewe." Mbele ya majirani, mbele ya kanisa. Nilishiba. Matulo yote ilinitoka tumboni.

Kisha akanigeukia mimi. "Ulimwona akifunga?"

"Nilimwona."

Hakufoka. Alifuta mikono kwenye suruali. "Basi chukua vitu vyako umfuate. Mmefanana."

Tulitembea mpaka barabara ya lami, shemeji mbele, mimi nyuma, mvua ikitunyeshea wote wawili.