Nani Anakutazama Nyayo?

Watu wa mtaa wetu hapa Ng'ambo wananicheka tairi zangu. Wacheke mpaka wachoke! Mimi Silima huu mwaka wa thelathini na nne nnapasua kuni, kuni za harusi, kuni za khitma, kuni za mwoka mikate, na shoka halijanigusa hata siku moja. Kabla ya kulishika, kila muundi nnaufunga kipande cha tairi la gari, nnakikaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na chini nnavaa mabuti ya mpira. Gogo nnaliweka mbele yangu, miguu nnaitanua sawasawa, mmoja usimtangulie mwenzake, ili shoka likiteleza liingie ardhini. Vijana wa siku hizi wanapasua na malapa, ati wanaona joto. Utadhani wana miguu ya akiba nyumbani.

Tairi hizo alizikata mke wangu, Zeyana. Miaka sita nyuma daktari aliniambia nina sukari, na kwamba sukari imeshaniua miguu kwa ndani. Kuanzia vifundoni kwenda chini sihisi kitu. Nikanyage zulia, nikanyage kaa la moto, kwangu mamoja. "Mzee," akasema, "jeraha usilolijua likioza, tutaukata mguu. Kila siku utazamwe nyayo." Zeyana alikuwa kando yangu. Hakulia. Tulivyofika nyumbani alichukua kisu akakaa uani na tairi kuukuu mpaka magharibi, huku ananitukana mimi na halua yote niliyokula tangu utoto.

Basi ikawa desturi yetu. Asubuhi ananifunga yeye, maana fundo linakaa nyuma, kwenye shavu la mguu, na goti langu halikunjiki vizuri. Adhuhuri ananifungua nikatawadhe, niende msikitini. Nikirudi ananifunga tena. Jioni mimi nnakaa kitandani, yeye juu ya kibao cha mbuzi, anaupakata mguu wangu, anaugeuza kwenye mwanga wa mlango, anatazama kisigino, anatazama baina ya vidole. Akimaliza anaupiga unyayo kofi, pa! "Mzima. Nenda kasali." Kofi lenyewe nilikuwa silihisi, ila mlio wake nilikuwa nnausikia, na nilikuwa nnaungoja kutwa nzima.

Zeyana alifariki mwezi wa Rajabu uliopita. Homa ya siku nne tu. Kuni za khitma yake nilizipasua mwenyewe. Watu wakanikataza, nikawaambia niacheni. Pilau likaliwa, dua ikaombwa, kila mtu akashika njia yake. Mwanetu Himid yuko Maskati, hupiga simu Jumapili. "Baba, hujambo?" "Sijambo." "Unakula?" "Nnakula." Basi. Nyumba ikawa kimya hata mjusi nikimsikia anavyopita ukutani. Mwanamme hasemi haya, lakini mimi nnayasema: upweke ulinitesa kuliko sukari. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na mimi nilibaki kinga moja, natoa moshi.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kuzifungua tairi peke yangu, kuvua mabuti, kuosha miguu, kisha kufunga upya, ilikuwa kazi ya nusu saa. Nikakumbuka ile rukhsa tuliyosomeshwa utotoni, chuo cha Kurani: aliyevaa khofu, zile soksi za ngozi, naye ana udhu kamili, anaruhusiwa kupaka maji juu yake, mchana na usiku mmoja, bila ya kuvua. Nikajitolea fatwa mwenyewe kwamba buti langu ni khofu. Adhuhuri nikawa nnapaka maji juu ya buti, nnasali hapo hapo uani, nyuma ya lundo la kuni. Alasiri vilevile. Na kweli nitasema, nilifurahi kupata sababu. Msikitini kila mtu ananiuliza, "Mzee Silima, unaendeleaje?" Nitamjibu nini? Jioni nikivua nnajitupa kitandani hivyo hivyo. Nyayo sikuzitazama. Aliyekuwa akizitazama hayupo, mimi nizitazame za nini?

Lakini Ijumaa haisaliwi nyuma ya kuni. Ijumaa moja nikaoga, nikavaa kanzu, nikenda, nikasimama safu ya pili. Tulivyotoa salamu nikashikwa bega. Ni Abdulhakim, mwadhini wetu, alikuwa nyuma yangu.

"Mzee Silima, usinyanyuke."

"Kuna nini?"

"Unyayo wako, mzee. Nimeuona ulivyosujudu. Una tundu."

Nikajaribu kujikunja, goti likakataa. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono akachomoa kibanzi cha mvinje, kirefu kama njiti ya kibiriti, kimeshakuwa cheusi. Kiliruka nilipokuwa nnapasua, kikaingia kwa juu ya buti, nami nimekikanyaga siku sijui ngapi. Tairi zilizuia shoka miaka sita, kibanzi kikapita mlango wa wazi. Hata ile harufu, nilidhani ni ya mabuti. Nililia, bwana, mbele ya jamaa wa msikiti mzima, na kitambaa sina.

Hospitali nililazwa siku tisa. Daktari alichora mstari wa kalamu juu ya kifundo. "Wekundu ukiuvuka huu, mzee, tunakata." Kila kukicha nnautazama ule mstari. Mpasua kuni wa mguu mmoja hayupo, sijapata kumwona. Siku ya tatu wekundu uliufikia. Siku ya tano ukawa palepale. Siku ya nane ukaanza kurudi nyuma, nikasujudu kwa kichwa tu, kitandani.

Siku ya kutoka, muuguzi mmoja mdogo, Nusrat, akanijia na daftari lake. "Babu, nyumbani nani anakutazama nyayo?"

"Mke wangu," nikasema. Wallahi sikufikiri, mdomo ulitangulia.

"Vizuri. Alhamisi ukija kubadilishwa bendeji njoo naye, nimfundishe."

"Inshallah," nikajibu. Lo! Inshallah gani ile!

Asubuhi ya Alhamisi nilikaa kitandani na kanzu nshavaa, nnajiuliza nitamwambia nini mtoto wa watu. Mwisho nikakifungua kisanduku cha Zeyana, ambacho tangu Rajabu sikukigusa. Kanga zake zilikuwa bado zina harufu ya udi. Chini yake kitana, wanja, na kioo chake cha mkono chenye ufa. Nikakitia mfukoni.

"Bibi yuko wapi?" akauliza Nusrat.

Nikakitoa kioo. "Huyu hapa."

Akacheka, alidhani nnamtania. Kisha akanitazama usoni, akaacha. "Lini, babu?"

"Rajabu."

Alikaa chini sakafuni, akakiweka kioo chini ya mguu wangu, akanielekeza kukiinamisha mpaka unyayo ukaonekana. Miaka sita sikuwa nimeuona. Umezeeka kuliko uso.

Mwezi huu nimerudi kwenye shoka. Buti nnalipindua na kulikung'uta kabla sijalivaa, na mdomo wake nnauzungushia kitambaa nikakifunga, kibanzi kisipate njia. Adhuhuri nnafungua kila kitu, hata ikinichukua nusu saa, nnaosha miguu, nnakwenda msikitini kusimama safu ya mbele kabisa. Watu wanadhani nnakimbilia thawabu. Mimi nnataka mtu awe nyuma yangu.

Na jioni nnakiegemeza kioo juu ya kibao cha mbuzi, pale alipokuwa akikaa yeye. Nnatazama kisigino, nnatazama baina ya vidole, kimoja kimoja. Jana kovu lilikuwa limekauka kabisa. Nikauvuta mguu kwa taabu, goti linanigomea, nikaupiga unyayo kofi, pa! Mlio ukatoka sawasawa, kama zamani. Nikangoja. Nilikaa vile na mguu mkononi mpaka Abdulhakim akaadhini, na hakuna aliyesema kitu. Nikajiambia mwenyewe, "Mzima. Nenda kasali."

Nikaenda.