Nilithibitisha Senti Nikijua Ilikotoka

Mhariri, nifichie jina langu na majina ya watu wangu, maana Kibokoni ni nyumba moja yenye milango mingi. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, karani katika bohari moja ya bandarini. Wazazi wangu walifariki ningali mdogo, nikalelewa na ami yangu, ndugu wa baba. Ndiye aliyenivisha na kunisomesha. Nalisema hili mapema msije mkaniona mtovu wa shukrani.

Tangu utotoni napenda sarafu zenye kasoro za kiwandani, zile ambazo mashine iliteleza: herufi za jina la mfalme zimepigwa mara mbili, au tundu la senti kumi limekaa kando badala ya katikati. Aliyenifundisha kuzitambua ni mzee mmoja Mwislamu wa asili ya Kihindi, mwenye duka la nguo Tononoka. Nitamwita Mzee Taibali. Kila Ijumaa baada ya swala hukaa naye, tukachambua chenji ya duka kwa lenzi yake; mimi ndiye nitazamaye, maana macho yake yamefifia. Hamu yake ilikuwa moja tu: kuipata senti kumi ambayo haikutobolewa kabisa. "Mwanangu," hunambia, "nikiishika hiyo, hata nikifa nimeshiba."

Kosa langu ni kumsimulia ami maneno hayo.

Haikupita miezi miwili, ami akaja na senti kumi isiyo na tundu. Akasema kaipata kwa muuza njugu Mwembe Tayari. Tukaenda dukani pamoja. Nilipoiweka chini ya lenzi, niliona katikati mviringo mwembamba kama unywele. Nikaidondosha juu ya meza. Haikulia kama shaba inavyolia. Nilijua, wasomaji. Nilijua pale pale kuwa tundu limezibwa. Lakini ami alikuwa amesimama bega kwa bega nami.

"Haya sema, mwanangu. Wewe ndiye mjuzi."

Nikasema, "Yaonekana ni sahihi."

Mzee Taibali alitokwa na machozi. Aliingia ndani akatoka na bangili ya dhahabu ya marehemu mkewe, akampa ami. Ami akaitia mfukoni bila hata kuitazama mara ya pili.

Wiki ile ile nilikuwa natafuta nyundo kwenye stoo ya uani. Harufu ilinipokea mlangoni. Nyuma ya magunia palikuwa na chungu, kile alichotupikia marehemu bibi siku za Ramadhani. Nilipofunua, mkojo wa mbuzi umejaa nusu, na chini yake senti zimelala. Kando yake tupa ya kusugulia chuma, risasi ya kuyeyusha ya kuunganishia na vipande vya shaba. Niliinama nikazitazama: senti kumi, zote tundu limezibwa.

Ami akatokea nyuma yangu. Hakushtuka. Alitia mkono ndani ya chungu, akatoa senti moja, akaipangusa kwa pindo la kanzu.

"Mkojo huzeesha shaba," akasema. "Kiungo hakionekani tena. Ile ya kwanza niliifanyia haraka."

"Ami, yule mzee katoa bangili ya mkewe!"

Akacheka. "Yeye kapata furaha, mimi nimepata kitoweo. Nani kaumia? Njoo ule."

Akaketi mkekani, akamega mkate kwa vidole vile vile, akanisogezea. Hadi leo siwezi kula sinia moja naye. Nikiisikia sauti yake akisoma dua, mwili wanisisimka kwa kinyaa.

Siku ya pili niliondoka kazini mbio hadi Tononoka, nimeazimia kusema yote. Nikamkuta ami keshafika, ameketi na kikombe cha kahawa, na senti ya pili iko kiganjani mwa Mzee Taibali. Mzee ana desturi yake ya kikale: sarafu huijaribu kwa ulimi. Akaiinua. Nilitaka kupiga kelele. Akaiweka ulimini, akafumba macho, akatabasamu.

"Shaba kongwe," akasema. "Nawe wasemaje, mwanangu?"

Ami alinitazama juu ya kikombe. Nami, niliyekuwa nimekiona chungu kwa macho yangu, nikasema, "Ni sahihi, Mzee."

Tangu siku ile nasukutua kinywa changu mwenyewe wala hakitakati. Ami namchukia, lakini anayenichefua zaidi ni mimi.

Sasa Mzee Taibali ataka kuzipeleka senti zile ng'ambo kwa wajuzi, na barua ameniomba niiandike mimi, niweke na sahihi yangu kuwa nimezikagua. Huko hawatadanganyika, mzee ataaibishwa mbele ya watu anaowaheshimu. Nikimwambia kweli, nitakuwa nimemvua nguo aliyenivisha, na Mzee atajua kuwa nilimtazama akiilamba senti nikanyamaza. Meli yaondoka wiki ijayo. Karatasi iko mbele yangu, haina neno hata moja.

Enyi wenye wazee na wenye imani, nipeni rai: niandike nini?