Sekunde za Namba Arobaini na Moja

Tangu utotoni aliitwa Kiguu na Njia, na hakuna aliyewahi kulitetea jina lake halisi. Mama yake ndiye aliyempachika, kwa sababu mtoto yule hakuweza kumaliza sahani moja ya chakula bila kusimama mara mbili kwenda kuchungulia nje. Alipokua akapata kazi inayomfaa, ya kufunga mitambo ya mageti yanayofunguka yenyewe. Wiki hii yuko kiwandani, wiki ijayo hospitalini, mwezi ujao hajulikani aliko. Mkewe hupenda kuwaambia majirani kwamba yeye ameolewa na begi la vyuma.

Lakini geti hili lilimnasa. Lilikuwa geti la mtaa wa nyumba sitini zilizozungushiwa ukuta, kazi ya siku tatu hata kwa fundi mvivu, na Kiguu alikuwa ameingia siku ya nane. Visomaji viwili vya vibandiko vya magari, cha kuingilia na cha kutokea, alivifunga juu ya milingoti siku ya kwanza, vimeinamishwa kidogo vitazame vioo vya mbele vya magari. Siku ya pili alivipunguza nguvu, maana vilikuwa vikisoma hata magari yaliyosimama ng'ambo, na kizuizi kikawa kinapanda na kushuka bila mtu. Siku ya tatu mambo yalikaa sawa. Gari lenye kibandiko kwenye kioo linakaribia, kisomaji kinalia mlio mfupi, kizuizi kinapanda, gari linapita. Mtu mwenye akili zake angekusanya bisibisi zake akaenda zake.

Yeye alifungua sanduku la nyaya, akalifunga, akalifungua tena. Alipanda ngazi na kushuka mikono mitupu. Alitazama saa, halafu akatazama simu ahakikishe kama saa haikumdanganya.

"Fundi, una sisimizi kwenye suruali?" aliuliza mlinzi wa zamu ya asubuhi. Alikuwa mama wa makamo, na pale wote walimwita Afande, ingawa hakuwahi kuwa askari. Sauti yake tu ilitosha.

"Kuna kitu kidogo narekebisha, dada."

"Kidogo gani hicho kisichoisha? Skrubu hiyo unaikaza toka juzi. Itaomba poo."

Ukweli ni huu. Nyumba namba arobaini na moja ilikuwa ya kaka yake mkubwa, na humo ndimo alimokaa mama yao. Kiguu hakuwa na habari hizo mpaka alipopewa orodha ya magari ayaingize kwenye kompyuta. Alikuwa akiandika mbiombio, akalikuta jina la kaka yake, akainuka, akatembea mpaka ukutani, akarudi kulisoma upya. Miaka miwili walikuwa hawajaonana.

Baba yao alipofariki, Kiguu alikuwa mbali akifunga geti la ghala. Kaka alimpigia simu asubuhi. Akajibu kwamba anakuja, amalizie waya mmoja tu. Waya mmoja ukazaa mwingine, na alipofika ilikuwa siku ya tatu jioni, mzee amezikwa asubuhi yake, na viti vya kuazima vinarudishwa kwa wenyewe. Kaka alimsimamisha mlangoni. "Rudi kwenye mageti yako," alimwambia. Nyuma yake mama alikuwa ameketi, ameinamia mikono yake, na hakutamka neno. Maneno ya kaka Kiguu aliyameza. Kile kimya cha mama ndicho kilichomtoa pale mbio, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwao.

Mtu wa miaka arobaini na mitatu, baba wa watoto, anaogopa kumbishia hodi mama yake mzazi. Cheka ukitaka. Mimi sicheki, nimeona wanaume wakubwa kuliko yeye wakijificha kwa sababu ndogo zaidi. Siku ya kubandika vibandiko, gari la kaka lilipoletwa, alimwachia Afande kazi hiyo akaenda kupima nyaya zilizokuwa hazina tatizo lolote.

Kila asubuhi, saa mbili na dakika arobaini, kaka alitoka na mama kumpeleka kwenye mazoezi ya mguu. Siku ya nne Kiguu alisikia mlio wa kisomaji, akainua kichwa, na gari likawa limeshapita. Aliambulia kuona kilemba tu, kwenye kioo cha nyuma. Ilimuuma sana. Kwa siku tatu alikuwa amehangaika ili geti lifunguke upesi, na sasa wepesi wenyewe ulikuwa unampokonya mama yake mbele ya macho.

Mchana ule akafanya jambo ambalo fundi hafanyi. Kwenye kompyuta wakazi wote walikuwa kundi moja. Akaunda kundi la pili, akaliweka humo gari moja tu, akaliamuru geti lingoje sekunde nne kabla ya kulifungulia.

Asubuhi iliyofuata alisimama nyuma ya kibanda cha mlinzi, kofia ngumu ameishusha hadi kwenye nyusi, akamtazama mama kwa sekunde nne. Hazikumtosha. Kesho yake akaweka nane. Siku ya saba akaweka kumi na tano, na sekunde kumi na tano ni nyingi kwa mwenye kiu. Aliona mama ana miwani mipya. Aliona fimbo katikati ya magoti, na mkono wa kushoto unaotetemeka, na kwamba yeye na kaka hawazungumzi wakingoja. Aliona pia kwamba kila siku anageuza uso kuelekea kibandani, akadhani anatazama saa iliyotundikwa pale.

Siku ya nane ndipo kaka alipofoka. Alimfuata msimamizi wa mtaa ofisini, akauliza kwa nini magari ya wenzake yanapita kama upepo na la kwake linawekwa kiporo. Msimamizi akaja getini amenuna.

"Fundi, kesho saa tatu tunakabidhiana. Nitakuja mapema nilione mwenyewe gari la arobaini na moja. Likikwama hata kidogo, nampigia bosi wako alete mtu mwingine."

"Halitakwama, bwana."

Alipoondoka, Afande alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akamkazia macho.

"Haya, niambie. Wa arobaini na moja umewakosea nini? Gari lao likija tu, wewe mbio nyuma ya kibanda changu."

Kiguu aligeuza kofia mikononi, akaigeuza tena. "Yule bibi ni mama yangu."

Afande aliinuka kitini. Kisha akanyoosha kidole. "Ile pale nyumba, yenye bati la kijani. Kutoka hapa hatua mia mbili hazifiki. Nenda."

"Nitaenda, dada. Nimalizie kazi kwanza."

"Utamaliza lini?"

Kiguu aliitazama ngazi. Aliyatambua maneno yake mwenyewe, yaleyale aliyomwambia kaka kwenye simu siku ile baba alipokufa. Alishika ngazi akapanda juu ya mlingoti, akakaa huko muda mrefu bila kugusa chochote.

Asubuhi ya siku ya tisa alilifuta lile kundi la gari moja. Gari la arobaini na moja likarudi miongoni mwa wenzake, na geti likawa halina ubaguzi. Alijiambia kwamba akishasaini atakwenda kubisha hodi. Dakika haijapita akajiambia labda Jumapili. Begi lake lilikuwa limeshapangwa kwenye pikapu, na pikapu imeshageuzwa kuelekea barabarani.

Saa mbili na dakika arobaini gari la kaka likaja. Msimamizi alikuwa amesimama pembeni na karatasi zake, Kiguu mahali pake nyuma ya kibanda. Kisomaji kikalia, kizuizi kikapanda papo hapo, safi kabisa. Msimamizi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Gari halikusogea.

Kizuizi kilingoja muda wake, kikashuka. Kisomaji kikakisoma kibandiko upya, kizuizi kikapanda, kikangoja, kikashuka. Nyuma magari mawili yakafika, na la pili likaanza kupiga honi.

"Mama, achia hiyo breki," kaka alisema. Dirisha lilikuwa wazi na kila mtu alisikia.

"Siachii." Mkono wake wa kulia ulikuwa umeing'ang'ania breki ya mkono. "Kila siku geti linangoja. Leo mbona halingoji?"

"Limetengenezwa. Si ndicho nilichodai? Twende, tunachelewa."

"Mwite aliyelitengeneza."

"Wa nini, Mama?"

"Yuko nyuma ya kibanda hicho. Namwona siku zote. Nimemzaa mimi, nisimjue kwa sababu amevaa kofia?"

Kaka aligeuka. Afande akatazama juu kama mtu anayehesabu mawingu. Kutoka kibandani hadi kwenye pikapu zilikuwa hatua ishirini, na Kiguu alizipima zote kwa macho. Kisha akavua kofia akatoka.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, kaka."

Kaka alitazama usukani. Mama alikaza mkono kwenye breki.

"Baba yako tulimweka siku mbili kwa ajili yako," alisema. "Watu wakasema azikwe, mimi nikakataa. Nikasema mdogo yuko njiani."

"Najua, Mama. Nisamehe."

"Hujui. Ulifika ukaondoka, hukukaa ukaambiwa. Ingia garini nikuambie."

"Fundi!" Msimamizi alikuwa ameshakuja na kalamu. "Saini hapa kwanza. Dakika moja tu, kisha uende popote."

Kiguu aliitazama kalamu. Ilikuwa kweli dakika moja, pengine haifiki. Honi zilikuwa tatu sasa, kizuizi kinapanda na kushuka, na Afande anawafokea wenye magari wawe na adabu. Alimpa msimamizi ile kofia aishike, akafungua mlango wa nyuma, akaingia.

"Funga vizuri," kaka alisema, akimtazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza. "Huo mlango una kasoro, uvute kwa nguvu."

Aliuvuta. Mama akaachia breki, gari likapita chini ya kizuizi, likaingia barabarani.

"Asubuhi ile, kabla kifua hakijambana baba yako," mama alianza bila kugeuka, "aliniuliza kama huko uliko wanakupa chakula. Nikamwambia sijui. Akasema nikupigie nikuulize."