Kumwaga si Kupanda

Neno "kupanda" ndilo lililoniponza, na neno "kumwaga" ndilo lililonimaliza.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga. Niliolewa Magunga, kwa Wajaluo, na mpaka leo lugha yangu na mama mkwe ni Kiswahili, ambacho si changu wala si chake. Tunakitumia kama sufuria ya kuazima. Tunapikia, tunakula, lakini haikosi siku itakayotuunguza.

Baba yangu alilima tumbaku, na mkulima wa tumbaku hajifunzi kusia mbegu, anazaliwa akijua. Mbegu yenyewe ni vumbi. Ukiitupa shambani, mvua ya kwanza inaizika na jua linamalizia kazi. Baba alisia kwenye kitalu, akakiezeka nyasi, kisha kila siku akapunguza nyasi kidogo ili miche izoee jua polepole. Alipochoka na tumbaku alihamishia ujuzi huo kwenye nyanya. Alikuwa na nyanya zake zenye mikunjo, ngozi ngumu, zinazokaa jikoni wiki mbili bila kuoza. Mbegu hakununua. Alizikausha juu ya gazeti na kulikunja. Alipofariki, kaka zangu walilima pale pote wakapanda miwa. Nilichobaki nacho kilikuwa kipande kimoja cha gazeti chenye mbegu zake ndani.

Mwaka jana mbegu zile zilikuwa zimezeeka, na mbegu ikizeeka inakataa kuota, kwa hiyo nikazisia zote. Trei tatu, barazani kwangu, chini ya nyasi nilizozitandaza juu ya fito. Siku ya nane zilichomoza. Nilifurahi hadi nikaimba peke yangu kama mwehu.

Mama mkwe alipita akitoka mtoni, akasimama.

"Nyar Kuria, hii nini?" Ndivyo anavyoniita, binti wa Kuria.

"Nyanya, Mama. Nimepanda nyanya."

Alitua ndoo chini. "Umepanda? Mke wa mkubwa hajapanda, wewe umepanda?"

Hapo ndipo nilipojikwaa. Katika boma lile mbegu haitolewi ovyo. Wana jina la desturi hiyo, golo kodhi, kutoa mbegu. Anaanza mke wa kaka mkubwa, kisha wengine wanafuata kwa zamu ya ndoa zao. Anayeruka foleni anaita chira, ugonjwa wa kukonda unaowashukia watoto wa boma. Mama mkwe ni mjane, nafasi yake ya kuanza alishamwachia mwanawe mkubwa, kwa hiyo hata yeye alikuwa anangoja. Na huyo mkubwa, pamoja na mkewe, wanaishi Nairobi. Tulikuwa tunangoja mtu apate likizo kazini.

Neno nililolihitaji lilikuwepo. Kusia. Mbegu iliyo kwenye trei haijapandwa, imesiwa tu. Lakini nani pale angelijua? Hata mimi nilisema "nimepanda" kwa kuwa ndilo neno la sokoni.

Nilijitetea. "Mama, hii bado iko ndani. Shamba sijaligusa."

"Basi ikae ndani."

Ikakaa ndani. Mvua ikaja, ikapiga wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ardhi ilikuwa laini kama unga uliokandwa. Nilimpigia simu mume wangu, ambaye anatengeneza injini za boti Karungu. "Ngoja tu," akasema, "anakuja mwisho wa mwezi." Kila mtu aliniambia ngoja. Mche wa nyanya haujui kungoja. Ulirefuka, ukawa na shingo nyembamba, majani ya chini yakapiga manjano. Mizizi ilijisokota kwenye trei ikatokeza chini. Nilikuwa na hasira za kuamka nazo na kulala nazo. Nilimchukia mwanamke wa Nairobi ambaye hakuwa amenikosea neno, nilimchukia mume wangu na injini zake, na ndiyo, nilimchukia marehemu baba kwa kunifundisha kufunika kitalu.

Ndipo nikamwona mama mkwe, asubuhi moja, nyuma ya jiko lake. Alikuwa na bakuli la mbegu za managu, mboga ya kienyeji, alizozichanganya na majivu, akizirusha kwa mkono kwenye udongo uliolowa, peupe, bila mstari wala kifuniko.

"Mama! Na wewe je? Si unapanda?"

Hata hakugeuka. "Mimi sijapanda. Mimi namwaga tu. Kumwaga si kupanda."

Nilicheka kwa hasira. Mbegu yake ilikuwa tayari kwenye ardhi, inanyeshewa, na yangu isiyogusa hata chembe ya shamba ndiyo inayoua watoto! Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo mkwe hapaswi kuitumia. Nikamwambia nyanya zangu zinatoa maua kwenye trei, kwamba ni za baba yangu, kwamba hakuna nyingine duniani.

Alipangusa majivu mikononi.

"Basi na wewe mwaga."

Mtu asiniambie kwamba hasira ni hasara. Methali hiyo niliijua tangu darasa la pili na haikunishika mkono. Nilirudi barazani, nikabeba trei ya kwanza hadi kwenye zizi la mbuzi, nikaipindua. Nikarudia ya pili. Nikarudia ya tatu. Kama ni kumwaga, nimemwaga. Mbuzi walikula shina kwa shina, na nilisimama nikawatazama mpaka wakamaliza, ili nisiweze kujidanganya baadaye.

Kesho yake asubuhi mama mkwe alifika kwangu na jembe dogo begani na kibuyu cha majivu. Alikuwa amevaa buti za mpira.

"Leta hizo nyanya," akasema. "Tunamwaga nyuma ya jiko yangu, katikati ya managu. Hapo hakuna mtu ataita shamba. Mimi nachimba shimo, wewe unaangusha. Hatupandi. Tunaangusha tu."

Nilinyoosha kidole kuelekea zizini. Alitazama trei tatu zilizolala kifudifudi, akatazama mbuzi, akanitazama. Hakunikemea, na laiti angenikemea. Aliketi kwenye ngazi ya baraza, jembe likiwa magotini.

"Nilikwambia umwage," alisema taratibu. "Sikukwambia utupe."

Jumapili ile mke wa mkubwa alifika, baada ya misa, na viatu vya kanisani. Alifukia punje nne za mahindi, akajipangusa mikono, akanijia kwa tabasamu la kweli, maana ni mtu mwema, na hilo linanikera zaidi.

"Pole kwa kungoja," akasema. "Sasa uko huru, panda unachotaka."

Nikamshukuru. Nilishika jembe, nikaenda shambani kwangu, nikachimba mistari miwili iliyonyooka. Kisha nikasimama pale, mikono mitupu, kwa kuwa sikuwa na mbegu.